Tani Kumi na Mbili za Miwa

Nimezikuta roti zako mezani, Hirdesh,
zimefungwa vilevile kwenye gazeti la juzi,
biringanya limepoa ndani yake,
na kando ya birika pakiti ya dawa
ina matundu mawili mapya.

Mawili.
Nikahesabu tena, kwa ukucha.
Kile kidogo, cha kabla ya chakula,
ulichoambiwa kimoja,
kimoja, na sahani iwe imeshatengwa.

Najua hesabu zako.
Jana ulilala hukumeza,
leo ukalipa deni
kama unavyomlipa Bisun wa dukani.
Dawa haina daftari la mkopo, mume wangu.
Nesi Makereta alikuambia, mimi nimekaa pale,
wewe unatazama dirisha:
cha jana kimekwenda na jana, usikifukuze.

Nikapiga simu. Ikaita, ikaita,
kama kengele ya nyumba iliyohamwa.

Mengine nimeyapata kwa Sakeasi.
Kiwanda kiliharibika usiku,
foleni ya malori ikafika darajani.
Jua lilipopanda mstari ukasogea,
lori lako halikusogea.
Akapiga honi. Akapiga tena.
Akashuka na tusi tayari mdomoni,
akalimeza alipofungua mlango:
fulana imekulowa chapachapa,
vidole vinatetemeka juu ya usukani,
na ulimi wako, ulimi wa mtu asiyeonja hata tone,
unaburura maneno kama mlevi.
Ukamwita kwa jina la kaka yako marehemu.

Madereva wakacheka: grogi ya jana hiyo!
Sakeasi hakucheka.
Mama yake anameza vidonge hivyohivyo.
Akakuuliza, unaweza kumeza?
Ukaitikia kwa kichwa.
Akachomoa muwa kwenye mzigo wako mwenyewe,
akaumenya kwa panga, akauponda juu ya bampa,
akausokota kwa mikono miwili kama nguo mbichi
hadi maji yakajaa kifuniko cha chupa ya chai.
Kifuniko cha kwanza. Cha pili.
Cha tatu ukakishika mwenyewe
ukauliza kwa nini watu wamekuzunguka.
Ndipo wakakupa biskuti.

Husemwa mtu anaweza kufa kiu
na maji yamemfika shingoni.
Nilidhani ni pambo la mazungumzo.
Kumbe ni wewe,
umepakia tani kumi na mbili za utamu
na unazimika kwa kukosa vijiko viwili.

Sasa nisikilize, na usiseme "basi naviacha".
Kidonge hakikukosa.
Kiliingia kazini kikakuta hakuna mzigo,
kikaanza kubomoa ghala.
Tangu kesho ni kile kikopo cha bati
chenye vyumba saba, niwe nimelala au niko macho.
Chumba kikiwa kitupu, umekwisha meza. Hakuna mjadala.
Kile kikubwa cheupe utakimeza katikati ya chakula;
tumbo likivuruga mwambie nesi,
usikifiche kwenye kisahani cha majivu. Nimeviona, vinne.
Na maji ya karela ya mama,
yale unayokunywa nyuma ya banda,
nayo nesi atayajua. Nitamwambia mimi.
Biskuti zikae kwenye lori, pamoja na leseni.
Ukipanga kufunga Jumatatu, tuulize kwanza,
Mungu hana haraka.

Roti za asubuhi wamekula kuku.
Hizi ni za moto, kaa.
Leo usiku hakuna kidonge, ndivyo walivyosema kliniki,
na kesho tuende na pakiti yenye matundu yake.
Wamesema pia dawa ile hukaa mwilini,
yaweza kukurudia gizani.
Kwa hiyo saa nane nitakuamsha nikuchome kidole.
Utakasirika, nakujua.
Kasirika. Nitakaa kitandani nikusikilize
neno moja moja, kama yamenyooka.